ALDO LEOPOLD: MWANAFUNZI WA MSITU

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Aldo Leopold, bingwa wa misitu wa Marekani, aliuishi usemi huo.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1887 mjini Burlington, jimbo la Iowa. Alisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka wa 1909 akaajiriwa na Idara ya Misitu, akapelekwa Arizona. Alikuwa barobaro wa miaka 22. Siku hizo mbwa mwitu alihesabiwa kuwa adui. Hoja ilikuwa rahisi: mbwa mwitu wakiisha, kulungu watazidi na wawindaji watafurahi. Leopold naye aliwapiga risasi, tena akahimiza wengine wawamalize.

Kumbe hesabu ilikuwa na kasoro! Huko Kaibab, Arizona, wanyama wala nyama walipouawa, kulungu waliongezeka kupita kiasi. Walitafuna kila chipukizi walilolifikia. Miti michanga ikatoweka, na katika miaka ya 1920 kulungu wenyewe wakafa njaa kwa wingi. Polepole, Leopold akageuza msimamo. Akatambua kwamba yule mbwa mwitu alikuwa akiulinda msitu.

Tangu 1933 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka wa 1935 alinunua shamba lililochakaa kando ya mto Wisconsin. Yeye, mkewe Estella na watoto wao watano walilala katika kibanda kilichokuwa cha kuku, wakapanda maelfu ya misonobari. Lo! Ukame wa 1936 uliua karibu miche yote. Hawakukata tamaa. Kila mwaka walipanda tena, huku Leopold akiandika daftarini mche upi umeshika, upi umekufa na kwa nini. Leo pale pana msitu.

Mtihani mkubwa ulikuja 1943. Kulungu wa Wisconsin walikuwa wakiumaliza msitu, naye, akiwa katika tume ya uhifadhi ya jimbo, akaunga mkono uwindaji wa kulungu majike pia. Watu walimshutumu vikali, magazeti nayo yakamsema. Hakutetereka, maana ushahidi aliuona kwenye miti.

Tarehe 21 Aprili 1948 moto ulizuka katika shamba la jirani. Leopold alikwenda kusaidia kuuzima, moyo ukasimama, akafariki akiwa na miaka 61. Kitabu chake mashuhuri, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka wa 1949.

Wataalamu wa leo hutunza misitu kwa njia hiyohiyo: panga, tenda, chunguza, kisha rekebisha. Nasi wanafunzi, siku ya kupanda miti tunapiga makofi na kurudi darasani. Je, ni nani hurudi kuhesabu miche iliyopona? Mwenzangu, chukua daftari, twende tukaangalie.