Prisila: Fundi wa Mahema Aliyemfundisha Mhubiri

Soma kwa ajili ya somo hili: Matendo 18:1–28, Warumi 16:1–16, 1 Wakorintho 16:19, 1 Timotheo 2:11–15, 2 Timotheo 4:19.

Yapata mwaka 49 B.K., Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Rumi. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Akila, Myahudi mwenyeji wa Ponto, na mkewe Prisila. Maandiko hayatuelezi habari za wazazi wake wala umri wake. Yanatuonyesha mwanamke aliyepoteza makao kwa amri ya siku moja, akafika Korintho na mumewe, akaanza maisha upya kwa kazi ya mikono yake.

Nyumba ya kazi na ya ibada

Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema. Paulo alipofika Korintho peke yake, akiwa na ufundi huo huo, walimpokea akakaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Siku za juma sindano zilikwenda. Kila Sabato Paulo alihojiana na watu katika sinagogi. Mtume alikaa katika mji huo mwaka mmoja na nusu. Prisila alimsikia akifundisha, si siku ya ibada tu, bali mezani na kazini pia. Hapo ndipo palipokuwa chuo chake.

Paulo alipoondoka kwa merikebu kupitia Kenkrea, mume na mke hao walisafiri naye hadi Efeso. Yeye akaendelea na safari. Wao wakabaki kuilinda kazi iliyokuwa bado changa.

Mwanafunzi kutoka Iskanderia

Kisha akaja Efeso Apolo, Myahudi wa Iskanderia, mtu wa elimu na hodari katika Maandiko. Alinena kwa bidii habari za Yesu, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakunyamaza wakauacha upungufu uendelee. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Luka anasema kwamba wote wawili walimweleza. Neno la Kiyunani alilotumia hapo ndilo alilotumia pia kwa Petro alipowaeleza ndugu wa Yerusalemu mambo ya nyumba ya Kornelio (Matendo 11:4), na kwa Paulo alipowafafanulia Wayahudi wa Rumi ufalme wa Mungu (Matendo 28:23). Kwa hiyo haikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Yalikuwa mafundisho ya Maandiko, na aliyefundishwa alikuwa mhubiri. Apolo alikubali, akavuka kwenda Akaya, akawafaa sana waumini wa huko. Paulo mwenyewe alikiri kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji.

Wengine husema kwamba Prisila alifundisha nyumbani tu, si kanisani. Lakini wakati ule kanisa halikuwa na majengo yake. Waumini walikusanyika nyumbani mwa watu. Kanisa lilikutana nyumbani mwa Akila na Prisila huko Efeso, na baadaye huko Rumi.

Jina lililotangulia

Prisila, ambaye Paulo humwita Priska, ametajwa mara sita katika Agano Jipya, kila mara pamoja na mumewe. Katika nakala za kale zaidi, mara nne jina lake limetangulia. Baadhi ya nakala nyingine zimemtanguliza Akila katika habari ya Apolo. Mwishoni mwa karne ya 4, mhubiri Yohana Krisostomo aliona jambo hilo katika salamu za Paulo, akaeleza kwamba halikuandikwa hivyo bila sababu, bali kwa ajili ya utauwa wa mwanamke huyo.

Klaudio alikufa mwaka 54, na yapata mwaka 57, Paulo alipowaandikia Warumi, wenzi hao walikuwa wamerudi Rumi. Aliwaita watenda kazi pamoja naye, jina lile lile alilowapa Timotheo na Tito. Akaeleza kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, na kwamba makanisa yote ya Mataifa yaliwashukuru. Katika sura hiyo hiyo amewataja Fibi mhudumu wa Kenkrea, Mariamu, Yunia, Trufaina, Trufosa na Persisi. Prisila hakuwa peke yake.

Fungu gumu na mji ule ule

Timotheo alikuwa Efeso alipopokea agizo la Paulo kwamba mwanamke ajifunze kwa utulivu, wala asifundishe. Huo ndio mji ambamo Prisila alimfundisha Apolo. Tena katika waraka wake wa mwisho kwa Timotheo, Paulo anamsalimu Priska kwanza, kisha Akila, bila neno lolote la kumkemea.

Wanafunzi waaminifu wa Biblia wameeleza agizo hilo kwa njia mbalimbali. Nyaraka hizo mbili zinaonyesha kwamba walimu wa uongo walilisumbua kanisa lile, na kwamba baadhi ya wanawake walikuwa wamenaswa nao (2 Timotheo 3:6). Lakini Andiko hufasiriwa kwa Andiko. Tafsiri inayoligeuza kosa jambo ambalo Luka amelisimulia kwa sifa, na ambalo matunda yake Paulo aliyafurahia, haina budi kupimwa tena. Pale fungu moja linaposomwa peke yake, dada mwenye karama hunyamazishwa, na Apolo wa leo hubaki na ubatizo wa Yohana tu.

Kifo cha Prisila hakikuandikwa katika Biblia. Mara ya mwisho anapotajwa, yupo na mumewe, anapokea salamu za mtume aliye kifungoni anayekaribia kufa, na bado anahesabiwa miongoni mwa waaminifu.

Maswali ya Kujadili

1. Prisila na Akila walimsahihisha Apolo faraghani. Njia hiyo ililisaidiaje kanisa la Akaya?

2. Apolo alikuwa msomi, nao walikuwa mafundi wa mahema. Unyenyekevu wake unafundisha nini kuhusu kupokea kweli kutoka kwa yeyote ambaye Mungu anamtumia?

3. Je, katika kanisa lenu kuna karama zisizotumika kwa sababu zimepewa wanawake? Ni hatua gani inaweza kuchukuliwa robo hii?