Hergé na mama mwenye kuinama mbele ya Tintin

Katika buku Tintin au Congo kuko picha moja yenye wasomaji wengi wanapita bila kuiangalia sana. Mwanaume mumoja amelala ndani ya nyumba, homa imemushika. Tintin anamupa dawa ya kinini. Mara moja mugonjwa anaamuka, anataka kwenda kuwinda. Hapo bibi yake anainama mbele ya ule kijana muzungu na kumusifu sawa mutu mwenye nguvu kubwa za uganga. Jina la ule mama halitajwi. Kiisha hadithi inaendelea, na yeye anabaki nyuma.

Mutu mwenye alichora ile picha hakukanyaga Kongo hata siku moja. Aliitwa Georges Remi, lakini dunia nzima inamujua kwa jina la Hergé. Maisha yake yanaonyesha namna mutu anaweza kuchora watu kwa mukono muzuri sana bila kuwasikiliza, na pia namna anaweza kujifunza kusikiliza. Swali linabaki moja: alijifunza kumusikiliza nani?

Kijana wa Bruxelles

Georges Remi alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 1907 huko Etterbeek, upande mumoja wa muji wa Bruxelles. Alilelewa katika familia ya hali ya katikati, akaingia katika skauti, na huko njo alianza kuchapisha picha zake. Aligeuza herufi za kwanza za majina yake, R na G, na namna zinasomwa kwa Kifaransa zikatoa Hergé. Katika skauti ya wakati ule, wavulana walikuwa fasi yao, wasichana fasi yao. Rafiki, safari, hatari, ushujaa: vyote vilikuwa mambo ya wavulana. Ile dunia haikumutoka tena.

Kiisha masomo alipata kazi kwenye gazeti la Kikatoliki Le XXe Siècle. Mukubwa wa gazeti alikuwa padri Norbert Wallez, mutu mwenye kupenda sana koloni. Padri alimupa Hergé kazi ya kuongoza gazeti dogo la watoto, Le Petit Vingtième, na tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 1929 Tintin alionekana humo kwa mara ya kwanza, akienda Urusi ya Wasovieti.

Kiisha Urusi, Hergé alitaka kumutuma Tintin Marekani. Padri Wallez alikataa. Mfalme Albert na malkia Elisabeth walikuwa wametembelea Kongo mwaka wa 1928, na padri alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni na siku moja waende kutumika huko. Basi, kuanzia mwezi wa 6 mwaka wa 1930, Tintin alishuka Kongo.

Kongo ya ndani ya jumba la Tervuren

Hergé alikuwa na miaka 23. Mambo ya Kongo aliyatafuta katika magazeti, katika maneno ya wamisionari, na katika jumba la makumbusho ya koloni huko Tervuren, karibu na Bruxelles. Ndani ya lile jumba kulikuwa sanamu yenye Paul Wissaert alitengeneza mwaka wa 1913: mutu mwenye kuvaa ngozi ya chui, na makucha ya chuma mukononi, akimukaribia mutu mwenye kulala. Ni anioto. Watu wa Bafwasende, hapa Tshopo, wanajua ile neno, kwa sababu sanamu ilitaka kuonyesha anioto wa Wabali. Hergé aliiangalia, akaiingiza katika buku lake karibu vile iko.

Hivyo njo kipande cha Tshopo kiliingia katika hadithi za Tintin: si muto, si soko, si watu wenye kuvuka na mitumbwi, lakini mutu mwenye kuua usiku. Wamama wa eneo hili hawakuwa na sanamu ya namna ile huko Tervuren. Lakini katika miaka ile ile, wao njo walikuwa wanalima mashamba ya pamba yenye serkali ilikuwa imelazimisha tangu mwaka wa 1917, wakibeba mavuno kichwani. Na katika vituo vikubwa vya koloni, wanamuke wenye kuishi bila bwana walilipishwa kodi yao wenyewe. Hakuna hata jambo moja la ile maisha lenye lilifika kwenye meza ya Hergé. Kwake, mwanamuke wa Kongo alikuwa mutu wa nyuma ya picha, ao wa kuinama.

Hadithi ilipendwa sana. Mwezi wa 7 mwaka wa 1931, gazeti lilipanga sherehe ya kumupokea Tintin kwenye gare du Nord ya Bruxelles. Kijana mumoja alivaa sawa Tintin, na watu wengi walikuja kumushangilia sawa vile alikuwa anatoka Kongo kweli. Mwaka wenye kufuata, Hergé alimuoa Germaine Kieckens, mwenye alikuwa karani wa padri Wallez.

Rafiki Muchina

Mwaka wa 1934 Hergé alitangaza kwamba sasa Tintin ataenda China. Padri mumoja aliogopa kwamba Wachina pia watachorwa kwa uongo wenye kuzoeleka: nywele ndefu za kusukwa, macho ya hila, mateso. Alimushauri Hergé atafute habari za kweli, na hapo Hergé akakutana na Zhang Chongren, kijana Muchina mwenye alikuwa anasoma sanaa Bruxelles. Walizungumuza siku nyingi. Zhang alimufundisha kushika burashi, akamuonyesha namna watu wa China wanaishi, na akamueleza mambo yenye Wajapani walikuwa wanafanya huko. Buku lenye lilitoka, Le Lotus bleu, lilikuwa la namna ingine kabisa. Kwa mara ya kwanza watu wa inchi ya mbali walikuwa na majina, huzuni na akili yao.

Tangu pale Hergé hakupenda tena kuchora bila kuuliza. Alikusanya picha za motokari, za ndege na za nguo, mpaka kila kifungo kiwe cha kweli. Lakini kwa Wakongo hakutafuta Zhang mwengine. Na kwa wanamuke, pia hapana.

Mwanamuke wa kwanza mwenye jina kubwa katika hadithi za Tintin alifika mwaka wa 1939: Bianca Castafiore, muimbaji wa opera. Sauti yake inavunja vioo, anajisifu, anasahau jina la kapiteni Haddock kila mara. Ni mutu wa kuchekwa. Lakini katika L'Affaire Tournesol, buku la mwaka wa 1956, yeye njo anamuficha Tintin na kapiteni ndani ya kabati ya nguo zake, huku mukubwa wa polisi amekaa hapo hapo mbele yake. Bila yeye, safari ingeisha pale. Hergé alijua basi kumupa mwanamuke ujasiri, lakini karibu mara zote alimupa kicheko kwanza.

Wakati alipoulizwa sababu gani wanamuke ni wachache vile, alijibu kwamba hadithi zake zilikuwa dunia ya urafiki wa wanaume, na kwamba aliwaheshimu wanamuke kupita kiasi cha kuwafanya vikaragosi. Kulikuwa pia sababu ya biashara. Sheria ya Ufaransa ya mwezi wa 7 mwaka wa 1949 juu ya magazeti ya watoto ilifanya wachapishaji waogope kila musichana mwenye kuchorwa, kwa sababu gazeti lingeweza kukataliwa mupakani. Lakini ile sababu haitoshi. Katika miaka ya 1950, Mubelgiji mwenzake, Franquin, alimuingiza Seccotine katika hadithi za Spirou: mwandishi wa habari mwanamuke, mwenye akili, mwenye kuendesha pikipiki yake na kuwashinda wanaume kwenye kazi yao wenyewe.

Mwaka wa 1946

Wakati wa vita, Hergé alitumika kwenye gazeti Le Soir lenye lilikuwa chini ya Wajeremani. Kiisha Ubelgiji kukombolewa, alikamatwa mara kadhaa na kukatazwa kazi. Mwaka wa 1946 alirudi kwa nguvu. Gazeti Tintin lilianza mwezi wa 9. Katika ule mwaka, Tintin au Congo lilitoka upya, na rangi, likifupishwa kutoka kurasa zaidi ya 100 kufika 62.

Hergé alibadilisha mambo. Katika buku la zamani, Tintin alikuwa anafundisha watoto wa Kongo kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Sasa anawafundisha hesabu tu. Lakini mama mwenye kuinama alibaki kuinama.

Katika ule mwaka wa 1946, upande mwengine wa dunia, mwanamuke mumoja alishika kalamu. Machiko Hasegawa, Mujapani wa miaka 26, alianza kuchora Sazae-san katika gazeti la muji wa Fukuoka. Sazae ni mwanamuke kijana wa nyumba ya kawaida: anaenda kununua chakula, anajikwaa, anasema wazi mambo yenye anawaza, hamuogopi bwana yake. Watu wanacheka pamoja naye, hawamucheki tu. Hasegawa aliendelea mpaka mwaka wa 1974, na filamu za Sazae-san zinapita kwenye televisheni ya Japani tangu mwaka wa 1969. Huko Marekani, tangu mwaka wa 1941, kulikuwa Wonder Woman wa William Marston, mwenye nguvu kupita wanaume wote. Hata hivyo wachoraji walimufunga kamba karibu kila mara, na kundi la mashujaa wanaume lilipomupokea, lilimupa kazi ya karani. Mwanamuke kuwako kwenye picha ni jambo moja, kuwa na neno lake ni jambo lingine.

Wanamuke wa studio

Mwaka wa 1950 Hergé alifungua studio yake. Humo wanamuke hawakukosa. Josette Baujot aliongoza kazi ya rangi miaka mingi. Zile rangi nzuri zenye watoto wa dunia nzima wanazipenda, nyingi zimepita kwenye mikono ya wanamuke wenye majina yao hayakuandikwa kwenye jalada.

Mumoja wao alikuwa Fanny Vlamynck, kijana sana, mwenye aliingia studio katikati ya miaka ya 1950. Hergé alimupenda, na moyo wake ukapasuka kati ya Fanny na Germaine. Usiku aliota ndoto za weupe mutupu zenye zilimutisha. Katika ile shida alichora Tintin au Tibet, hadithi ya theluji, ambamo Tintin anamutafuta rafiki Muchina mwenye jina la Tchang. Mwaka wa 1960 alitengana na Germaine. Alimuoa Fanny mwaka wa 1977. Mambo makubwa ya maisha yake yalikuwa kati ya wanamuke wawili, lakini kwenye karatasi aliyageuza kuwa urafiki wa wanaume wawili.

Juu ya Waafrika, alisikia lawama. Wakati watu walikosoa Kifaransa chenye aliwapa Waafrika wa Coke en stock, buku la mwaka wa 1958 lenye kusema juu ya biashara ya watumwa, alikirekebisha mwaka wa 1967. Juu ya Tintin au Congo, alikubali kwamba lilikuwa kosa la ujana, lenye kujaa mawazo ya Wabelgiji wa wakati ule. Mwaka wa 1975, wachapishaji wa inchi za Skandinavia walipolalamika juu ya kifaru mwenye anapasuliwa na baruti, alichora ukurasa mupya ambamo kifaru anaponyoka. Kifaru alipata wa kumusemea. Ule mama, hapana.

Hergé alikufa Bruxelles tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka wa 1983.

Kalamu inafika Kisangani

Kongo haikuchukua lile buku kwa namna moja. Mwishoni mwa mwaka wa 1969, gazeti Zaïre la Kinshasa liliandika kwamba Wakongo wanacheka wakilisoma, kwa sababu wanaona ndani namna wazungu walikuwa wanajidanganya. Mukongo Bienvenu Mbutu Mondondo aliona mambo kwa jicho lingine, akalishitaki lile buku Bruxelles mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 tribinali ilikataa kulikataza.

Jibu lingine lilitoka hapa Kisangani. Barly Baruti alizaliwa muji huu mwaka wa 1959. Alikuwa mumoja wa wachoraji wakubwa wa bede wa Kongo, na alipata mafunzo katika Studio Hergé yenyewe huko Bruxelles. Kuanzia mwaka wa 1995 yeye na mwandishi Frank Giroud walitoa hadithi yenye inabeba jina la mwanamuke kwenye jalada, Eva K. Mutoto wa Kisangani alikuwa ameingia katika nyumba ya Tintin, akajifunza kazi, akatoka na kalamu yake mwenyewe.

Lakini hata Eva K. ilitengenezwa na wanaume wawili. Tintin au Congo linaendelea kuuzwa, na katika kila buku lenye kuchapwa, ule mama anainama tena, bila jina. Hergé alipata Zhang wa kumufungua macho juu ya China. Juu ya mama wa Kongo, kazi ya kumusimamisha na kumupa jina inangojea bado, na hakuna mwenye anamujua kupita binti zake.