Ramana Maharshi: kijana aliyejiuliza ni nani anakufa

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 kule Tiruchuli, kusini mwa India, akapewa jina Venkataraman. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, wakamupeleka Madurai kwa baba mdogo.

Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, woga wa kufa ulimukamata gafula, wakati hakuwa hata mgonjwa. Hakukimbilia kwa munganga. Alilala chini, akakaza viungo sawa maiti, akafunga pumzi, kisha akajiuliza: mwili ukifa, ni nani anakufa? Hapo akaona kwamba kile kinachojua hakifi pamoja na mwili.

Wiki sita nyuma yake alitoroka nyumbani, akapanda treni mpaka Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala. Hakutoka tena pale. Watu walipomuletea maswali, mara nyingi aliwarudishia lile moja: nani anauliza?

Mwaka 1949 alipasuliwa mara nne sababu ya kansa ya mkono wa kushoto. Kukatwa mkono, alikataa. Wageni aliendelea kuwapokea mpaka siku aliyofariki, tarehe 14 Aprili 1950.