Charles Kettering na Mota ya Kuwashia Injini

Bila shaka umewahi kumwona mwendesha pikipiki akibonyeza kitufe kwenye usukani, na injini ikanguruma mara moja. Pengine umemwona pia akibonyeza kitufe hichohicho siku nyingine, ukasikika mlio mfupi tu, wala injini isizunguke. Akijaribu tena, inawaka. Kwa nini mota igome mara hii na kufanya kazi mara ile? Ili upate jibu, msome kwanza Charles Kettering.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yake yalikuwa dhaifu, na kusoma kulimletea maumivu makali ya kichwa. Alipokuwa chuo kikuu, maradhi hayo yalimlazimu kuacha masomo. Hakukata tamaa. Alifanya kazi ya kusimika nguzo na kuvuta nyaya za simu, kisha akarudi chuoni. Mwaka 1904 alihitimu uhandisi wa umeme, akiwa na umri wa karibu miaka 28.

Kazi yake ya kwanza baada ya hapo ilikuwa mjini Dayton, katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za dukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alizitilia mota ndogo ya umeme. Mota hiyo ilifanya kazi nzito, lakini kwa muda mfupi sana, kisha ikapumzika.

Siku zile, injini ya gari nayo iliwashwa kwa mkono. Dereva alisimama mbele ya gari, akauzungusha mkono wa chuma kwa nguvu. Mara nyingine injini ilirudi nyuma ghafula, na ule mkono wa chuma ukamvunja dereva mkono wake. Wahandisi wengi waliamini kuwa mota ya umeme ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, isienee ndani ya gari. Kettering alijiuliza swali jingine: mota hiyo itafanya kazi kwa muda gani? Aliona kwamba sekunde chache zatosha. Basi mota ndogo yaweza kutumia umeme mwingi kwa muda mfupi bila kuungua.

Yeye na wenzake walifanya majaribio yao ndani ya ghala la shamba mjini Dayton. Mwaka 1911 walifaulu, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa yakiwa na mota hiyo. Tangu hapo hata mtu asiye na nguvu nyingi aliweza kuwasha gari bila hatari.

Sasa turudi kwenye pikipiki yetu. Mota ya kuwashia huhitaji umeme mwingi kuliko taa au honi. Fikiria mfereji wa maji ulioziba nusu: maji yapitayo yatatosha kujaza kikombe, lakini hayatazungusha gurudumu la kinu. Vivyo hivyo, waya uliolegea au wenye kutu kwenye betri hupitisha umeme wa kutosha kuwasha taa, lakini si wa kuzungusha mota. Mtikisiko ukiugusanisha waya vizuri, mota huzunguka; ukiuachanisha, mota hugoma.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hakimbilii kununua mota mpya. Huanza kwa kupima betri. Kisha husafisha na kukaza nyaya zake, ukiwamo ule uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Halafu huikagua swichi ya sumaku ipelekayo umeme kwenye mota. Mwisho huifungua mota yenyewe na kutazama brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu izungukayo. Brashi zikilika sana, hazigusi vizuri kila mahali. Ndiyo maana mota huweza kugoma ikisimama mahali pamoja, na kuzunguka ikisimama pengine. Fundi pia hakibonyezi kitufe kwa muda mrefu, kwani mota hii haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika.

Baadaye Kettering aliongoza utafiti katika kampuni ya General Motors hadi mwaka 1947. Si kila kazi yake iliwaletea watu heri. Mwaka 1921, maabara aliyoiongoza iligundua kuwa petroli iliyotiwa dawa yenye madini ya risasi huzuia injini isigonge. Risasi ni sumu, nayo huwadhuru hasa watoto. Petroli hiyo ilitumika kwa miaka mingi, na nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hivyo mvumbuzi yampasa kuuliza maswali mawili: je, kifaa hiki kitafanya kazi, na je, kitamdhuru nani?

Kettering alifariki mjini Dayton tarehe 25 Novemba 1958.

Maswali
1. Kwa nini kuwasha gari kwa mkono kulikuwa na hatari?
2. Mashine ya kuhesabia fedha ilimfundisha Kettering jambo gani?
3. Taa ya pikipiki inawaka, lakini mota haizunguki. Fundi aanze kukagua wapi, na kwa nini?
4. Unganisha betri ya tochi na balbu ndogo kwa nyaya mbili. Legeza waya mmoja, kisha utikise. Eleza unachokiona.