Sayyid Ahmad bin Sumait: Kadhi wa Unguja Aliyefika Stambuli

Siku hizi safari ya Stambuli si jambo la kuhadithiwa barazani. Mtu hutoka kwake, hata akiwa Kithyoko huko Machakos, akapanda ndege Nairobi usiku, na adhuhuri ya pili yuko mlangoni mwa msikiti wa Suleimaniye anavua viatu. Huingia, akainua macho kulitazama kuba, akapiga picha, kisha akatoka kwenda kutafuta zawadi za watoto. Si vibaya. Lakini yapata miaka 140 iliyopita, mwanachuoni wa upande wetu aliufikia mji huo huo kwa njia ya bahari, na aliyorudi nayo yangali yanatufaa mpaka leo.

Huyo ni Sayyid Ahmad bin Abu Bakar bin Sumait. Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Baba yake, Sayyid Abu Bakar, alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut, msomi na tajiri wa biashara ya baharini. Ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, na alipofariki mwaka 1874 kijana alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na minne. Hakuacha kusoma. Alikwenda Hadhramaut kwa masharifu wa kabila lake, akarudi na elimu iliyowashangaza waliomzidi umri, na angali kijana wa miaka ya ishirini, Sayyid Barghash akamtawaza kadhi Unguja.

Ukadhi huo haukudumu. Yeye na Sayyid Barghash hawakuelewana, naye hakuwa mtu wa kubembeleza cheo. Mnamo mwaka 1885 akaiacha kazi, akafunga safari mpaka Stambuli, makao makuu ya dola ya Waturuki.

Mji aliouingia ulikuwa na misikiti ambayo mtu wa pwani, aliyezoea misikiti ya mawe na chokaa yenye dari ya boriti, hakuwahi kuona mfano wake. Suleimaniye ulijengwa na fundi Sinan baina ya 1550 na 1557. Kuba lake limepanda kiasi cha mita 53 kutoka sakafuni. Msikiti wa Sultan Ahmed, uliomalizika 1616, una minara sita. Ayasofya, kanisa lililofanywa msikiti mwaka 1453, nao ulikuwa ukisaliwa wakati huo. Ulikuja kufanywa jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 ukarudishiwa sala.

Lakini msikiti wa Suleimaniye haukujengwa kwa kuba na minara tu. Kuuzunguka palijengwa madrasa, hospitali na jiko la kuwalisha maskini. Husimuliwa pia kwamba moshi wa taa zake ulikusanywa, na masizi yake yakafanywa wino wa kuandikia. Ndivyo walivyoona wazee hao: nyumba ya ibada hata moshi wake uwe na faida ya elimu.

Huko Stambuli Sayyid Ahmad alikaa kwa Sayyid Fadl bin Alawi, sharifu wa Malabar ambaye Waingereza walimtoa India mwaka 1852, na ambaye sasa alikuwa mtu wa karibu wa Sultan Abdul Hamid wa Pili. Sultan alimtunuku mgeni huyu wa Afrika nishani ya Majidi. Wengi wangelowea huko. Mji ni mkubwa, mwenyeji ni mwenye jaha, na Sultan keshamjua. Yeye aliondoka. Alipita Misri na Makka akiwatafuta wanavyuoni, akafika mpaka India na Java.

Mwaka 1888 Sayyid Barghash alifariki, na Sayyid Ahmad akarudi Unguja. Sayyid Khalifa alimrudishia ukadhi, akaushika mpaka alipokufa, miaka thelathini na kitu. Alikuwa kadhi wa Kishafi katika serikali ya wafalme wa Kiibadhi. Tangu 1890 Mwingereza alikuwa juu ya wote, na mahakama zikaanza kupangwa kwa namna ngeni. Katika hali hiyo kuamua kwa haki hakukuwa kazi nyepesi, na watu wa madhehebu zote walimheshimu.

Nyuma ya ukadhi lilikuwako darasa. Pamoja na rafiki yake mkubwa, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyefungua madrasa mtaa wa Ukutani, aliifanya Unguja kuwa mji wa kuendewa kwa elimu. Miongoni mwa waliosoma kwao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937.

Marafiki hao wawili walifuatana katika mwaka mmoja, 1925. Sayyid Ahmad alifariki mwezi wa Mei, akazikwa kwenye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, Unguja, msikiti usio na kuba la mita 53.

Basi wewe utakayejaliwa kufika Stambuli, litazame kuba na upige picha zako. Lakini kabla ya kuvaa viatu, sali rakaa mbili, kisha jiulize utawarudia watu wako na nini. Sayyid Ahmad alirudi na elimu, akaigawa bila ya choyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.