Groucho Marx: Mtangazaji aliyekuwa mkubwa kuliko kipindi chake

Mwaka 1947, mchekeshaji wa Marekani Groucho Marx alikuwa amefikisha miaka 57. Enzi zake za filamu zilishapoa, na vipindi vyake vya redio vilikuwa vimekufa mapema. Ndipo akapewa kipindi cha chemsha bongo, You Bet Your Life.

Maswali yalikuwa ya kawaida tu. Utamu ulikuwa kwake: anakaa kwenye stuli, sigara nene mkononi, anapiga stori na washiriki na kuwatania kabla ya kuwauliza chochote. Mshiriki akitaja neno la siri, bata wa bandia anashuka na dola 100.

Kwa sababu ulimi wake haukuwa na breki, walirekodi muda mrefu kisha wakakata hadi nusu saa.

Mwaka 1950 kipindi kiliingia runinga ya NBC, kikadumu hadi 1961.

Groucho alifariki 19 Agosti 1977, akiwa na miaka 86. Buddy Hackett alijaribu kukifufua mwaka 1980, Bill Cosby naye 1992. Jina lilikuwa lile lile, lakini kila mmoja aliishia msimu mmoja.