Helmholtz: Daktari wa jeshi aliyepima jicho bila kuligusa

Ncha ya jani la mkonge ikimchoma jichoni mfanyakazi wa shamba la Kimamba, wilayani Kilosa, kinachoumia kwanza mara nyingi ni konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Daktari anatakiwa kujua kioo hicho kimepinda kiasi gani, bila kukichokonoa. Aliyeweka msingi wa kipimo hicho ni Mjerumani Hermann von Helmholtz.

Hela ya chuo hakuna

Alizaliwa Potsdam Agosti 31, 1821. Alipenda fizikia, ila baba yake, mwalimu, hakumudu ada. Kijana akaingia chuo cha udaktari wa jeshi Berlin: serikali inasomesha, yeye analipa kwa kutumikia jeshi.

Udaktari akausoma, fizikia haikumtoka. Mwaka 1847, akiwa na miaka 25, alieleza kwamba nishati haipotei, inabadilika tu sura. Mwaka 1849 akawa profesa Königsberg.

Jicho halitulii

Mwaka 1851 alitangaza kifaa cha kuangalia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kisha akahamia kwenye konea.

Konea ni kama kioo cha pembeni ya gari: ikibinuka zaidi, picha inayoonekana juu yake inakuwa ndogo. Ukipima picha hiyo, unajua mpindo wa konea. Wengine walishajaribu, wakakwamishwa na jicho kuchezacheza.

Helmholtz alitumia vipande viwili vya kioo vinavyozunguka, vikaifanya picha moja ionekane mbili. Jicho likisogea, picha zote zinasogea pamoja, kipimo hakiharibiki.

Alichoacha

Alifundisha Bonn, Heidelberg na Berlin. Heinrich Hertz, aliyethibitisha mawimbi ya redio, alikuwa mwanafunzi wake. Alifariki Septemba 8, 1894, mwaka mmoja tu baada ya mkonge kuletwa Tanganyika.

Kipimo chake kilionyesha umbo la konea, si uimara wake. Siku hizi zipo mashine zinazopuliza hewa kidogo jichoni, huku kamera ikinasa konea inavyobonyea na kurudi. Konea dhaifu hubonyea kwa namna tofauti na iliyo imara. Hilo linasaidia kuwagundua mapema vijana ambao konea zao zinaanza kuchongoka, wakati bado inawezekana kuziimarisha kabla uoni haujaharibika.

Na kwa aliyechomwa na mkonge: usilifikiche jicho, wahi hospitali.